Kisu Kilichopita Nyuma ya Pazia

Uvumi ulimfikia mpelelezi kabla hajashuka garini. Aliupata kwa mlinzi wa geti, aliyeinama dirishani kwake na kumwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ambayo mji mzima unayo:

"Afande, ni kweli Sindano amenunuliwa?"

"Amenunuliwa na nani?"

"Na magaidi. Yule dada wa ukaguzi. Wanasema amekuwa akipitisha vitu tangu zamani."

Mpelelezi akamwambia afungue geti. Lakini neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Lilimfuata kwenye maegesho, likapanda naye ngazi, na kwenye korido akalikuta tena midomoni mwa wakata tiketi wawili, safari hii limenenepa: kisu kimoja kimekuwa visu vitatu, na Sindano amejengewa nyumba ya ghorofa. Alipofika mlango wa ofisi ya ulinzi, lilikuwa limeshapata bunduki. Akajikuta anajiuliza, licha ya miaka yote ya kazi: na kama ni kweli? Kama ni kweli, ni watoto wa nani waliopanda ndege wiki hii nzima?

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Asubuhi hiyo mfagiaji alikuta kisu kwenye pipa la taka la choo cha wanawake. Si choo cha nje, ambako kila mtu anaingia. Ni choo cha ndani, upande wa abiria waliokwisha kukaguliwa, mahali ambapo hata mkasi wa kucha haufiki. Ndege iliyokuwa tayari kuondoka ikazuiwa. Abiria wakateremshwa, wakarudishwa kwenye ukumbi wa kusubiria, milango ikafungwa. Na kwa kuwa upande wa wanawake asubuhi hiyo alikuwepo mkaguzi mmoja tu, hakuna aliyesumbuka kumtafuta mwingine wa kumlaumu.

"Watu wa kikosi cha ugaidi wako njiani kutoka mjini," mkuu wa ulinzi wa uwanja alimwambia. Alikuwa mtu mnene, shati limemganda mgongoni. "Wakifika nawakabidhi yule binti. Mimi nimeshanawa mikono."

"Hujanawa, mkubwa. Umeificha mfukoni tu."

Mkuu akacheka bila furaha. Mpelelezi akaketi kwanza, maana miguu ilikuwa imevimba tangu jana na viatu vilikuwa vinambana. Alikuwa mama wa watu wazima, na kazi hii ilikuwa imemla usingizi kuliko watoto wote aliowazaa. Alilijua jambo moja kuhusu watu wa kikosi: wao huuliza maswali makubwa. Nani kakutuma, nani kakulipa, wenzako wako wapi. Maswali madogo hawana muda nayo. Na mtu asiye na jibu la swali kubwa hukaa ndani mpaka alipate.

"Nipe nafasi mpaka wafike," akasema.

"Chukua. Ila usiniletee huruma za kina mama."

Sindano alikuwa amewekwa kwenye chumba cha vitu vilivyonyang'anywa abiria. Aliketi katikati ya maboksi ya mikasi, viberiti na chupa za manukato, mikono mapajani. Jina hilo wenzake walimpa siku alipotoa sindano moja kwenye upindo wa gauni la bibi harusi, sindano ambayo bibi harusi mwenyewe hakujua ipo. Ndiyo maana uvumi ulishika. Mkaguzi mzembe angesamehewa. Lakini aliyeona sindano, akose kuona kisu?

Sajenti aliyefuatana na mpelelezi, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akaegemea mlango. Mpelelezi akavuta kiti. Aliona kwanza blauzi ya yule binti: mbele ilikuwa imelowa, pande zote mbili.

"Mtoto ana umri gani?"

"Ana miezi mitano, Afande."

"Nani yuko naye?"

"Msichana wa kazi."

"Huna mtu mzima wa kukusaidia?"

Sindano akatazama maboksi. "Alikuwepo mtu. Ameondoka."

"Umekula hela ya mtu?"

"Hapana."

"Kisu kimepita mikononi mwako?"

Sindano akarudisha macho kwenye maboksi.

"Nakuuliza wewe, siyaulizi maboksi."

"Afande, andikeni mnavyotaka."

"Nimewahoji wengi. Asiye na kosa hulia, au hutukana. Wewe umetulia kama maji ya mtungini. Mbona?"

"Nimechoka."

"Basi tuko wawili," mpelelezi akasema, akainuka.

Kisu kilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa plastiki. Kifupi, makali yameliwa na kunolewa mpaka yamekuwa membamba kama jani. Mpini ulikuwa umezungushiwa vitambaa mpaka ukawa mnene kama gunzi la muhindi, na vitambaa vyenyewe vimekuwa vyeusi kwa kushikwa. Mfagiaji aliitwa. Alikuja na ndoo yake, akakataa kuiacha nje kwa sababu, alisema, siku za namna hii hata ndoo inaweza kupewa kesi.

"Ulikikutaje?"

"Kimevingirishwa karatasi za chooni, Afande, kama mtoto mchanga. Na juu kimefungwa uzi. Nilidhani ni mambo yetu ya kike, nikakibonyeza na mkono kishuke chini. Hakikunikata hata kidogo."

"Karatasi iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa pili. Mpelelezi akaikunjua taratibu.

"Alikificha mwenzake aje akichukue," Redio akasema.

"Kwenye pipa ambalo huyu mama analimwaga kila mara? Tazama hapa. Kwenye mpini karatasi ni mzunguko mmoja. Kwenye makali amezungusha, akarudia, akarudia tena. Anayeficha hufunika kote sawa. Huyu alikuwa anamfikiria mtu atakayetia mkono pipani."

Mfagiaji akacheka kidogo. "Gaidi wa kunionea huruma mimi? Hata mabosi wangu hawajaanza."

Mpelelezi hakucheka, lakini neno lile alilichukua.

Redio hakuridhika. Aliondoka mara moja, akarudi anahema. Kwenye mgahawa wa ndani, visu vyote vya jikoni hufungwa minyororo kwenye meza, ili kisitoke hata kimoja. Na mnyororo mmoja ulikuwa unaning'inia mtupu.

Wakaenda. Mpishi aliona sare ya Redio, jasho likamtoka juu ya jasho la jiko.

"Kisu kiko wapi?"

"Kipo, Afande. Kiko duka la magazeti hapo jirani. Wanafungulia maboksi."

"Umewaazima kisu upande huu wa ukaguzi?"

"Jamani, ni majirani. Mtu anakuomba kila asubuhi, utamnyima?"

"Na mnyororo?"

"Nikikiazima na mnyororo, Afande, nitakuwa nimeazima na meza."

Kisu kilikuwepo dukani kweli, kirefu, mpini mweusi, juu ya rundo la magazeti, karibu na mkono wa kila mpita njia. Mpelelezi alikirudisha mwenyewe, akakifunga mwenyewe, na kumwambia mpishi kwamba akiona mnyororo huo mtupu tena atamfunga yeye hapo mezani. Lakini hiyo haikuwa njia ya kisu cha chooni. Visu vya mgahawa havikuwa na vitambaa. Mpini ulionenepeshwa namna ile ni wa mtu ambaye vidole vyake havikunji vizuri.

"Ni mzee," akamwambia Redio walipokuwa wanapanda ngazi. Alipumzika katikati, akishika reli. "Tunamtafuta mwanamke mzee, anayeumwa vidole, anayemhurumia mfagiaji. Twende kwenye kamera."

Mtazama kamera alikuwa na macho mekundu ya kukaa gizani. Akawarudishia picha za asubuhi. Hazikuwa na sauti. Wanawake walipita mmoja mmoja kwenye lango la kukagulia chuma. Taa ikiwa ya kijani, anaenda zake. Ikiwa nyekundu, Sindano anamwita nyuma ya pazia, kwa kuwa mwanamke hapekuliwi mbele za watu. Pazia linafungwa. Pazia linafunguka. Sindano anavua glavu, anazitupa, anavaa nyingine. Mwanamke mwingine. Kazi safi, ya kuchosha hata kuitazama.

Kisha akatokea bibi mmoja mwembamba, anasukuma kigari cha mizigo kama fimbo ya kutembelea. Taa nyekundu. Bibi akainua mkono, akaonyesha bangili zake. Sindano akatoka kwenye nafasi yake, akamfuata, akavua glavu, akapiga goti kidogo na kuipokea mikono yake kwa mikono miwili. Wakaingia nyuma ya pazia. Wakatoka kabla pazia halijatulia.

"Huyu alimmaliza upesi," Redio akasema.

"Rudisha. Tazama glavu."

"Kazitupa, kama kwa wengine."

"Kwa wengine anazitupa baada. Hapa kazivua kabla. Umeona wapi mtu akivua glavu ndipo apekue?"

"Labda anamheshimu kwa umri."

"Wazee wengine wamepita hapo, hakuwavulia. Fikiria vizuri, Redio. Ni nani ambaye huwezi kuthubutu kumpa mkono wenye mpira mbele za watu?"

Redio akafikiri. "Mama yangu ningemkumbatia nazo hivyo hivyo."

"Aliyekuzaa, ndiyo. Huyo utamtania."

Redio akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa jambo la kuandikwa. "Mama mkwe," akasema, akajikuta ameweka shati sawa kana kwamba ameingia mtu.

Walimkuta ukumbini, viatu amevua, anakandakanda vidole vyake. Kumzunguka kulikuwa na abiria waliokasirika mpaka wakachoka kukasirika. Wengine wamelala juu ya mabegi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye ndege? Tunaondoka lini?"

"Mimi si mwenye ndege, mama. Mimi ni polisi." Mpelelezi akaketi kando yake. "Una mkwe anayefanya kazi hapa?"

Uso wa bibi ukachanua. "Ninaye. Mke wa mwanangu. Nimekaa kwao tangu mjukuu azaliwe. Leo kanipokea mbele ya watu wote kwa adabu, mpaka walionizunguka wakaniuliza, ni binti yako?"

"Alikupekua?"

"Anipekue mimi?" Bibi akacheka mpaka jirani yake akaamka. "Nimfungulie kiuno mke wa mwanangu? Halafu mimi na yeye tutatazamana wapi?"

"Ulikuwa na kisu, mama?"

Kicheko kikakatika. Bibi akatazama ukutani. Kulikuwa na bango kubwa lenye picha ya kisu kilichopigwa mstari mwekundu. Mtu fulani alilibandika huku ndani, ambako anayeliona ameshapita.

"Nilikuwa nacho," akasema polepole. "Kile huwa kinakaa kwenye fundo la nguo yangu, hapa kiunoni. Meno yameniisha, mwanangu, kila tunda nalikata kama la mtoto. Nimekizoea mpaka nasahau kama ni kisu. Nilipoona picha ile, moyo ukanidunda. Nikasema, wakinikuta nacho nitamwaibisha binti wa watu kazini kwake. Nikaenda nikakitupa. Nilikifunga vizuri. Kimemkata mtu?"

"Hakijamkata mtu. Lakini mkwe wako yuko ndani kwa ajili yake. Wanasema amenunuliwa na magaidi. Na yeye kakataa kukutaja."

Bibi alisimama miguu mitupu. "Nipelekeni. Mfungeni mwenye kisu. Yule ananyonyesha."

Alitembea ameegemea mkono wa mpelelezi, Redio nyuma amebeba viatu vyake. Njiani, kama mtu anayeendeleza mazungumzo tu, akauliza:

"Na yule kijana, yeye mlimkamata?"

"Kijana gani?"

"Wa kule kwenye foleni. Alinijia akasema, mama, ninyi wazee hawawakagui, nishikie hiki kifurushi, nitakichukua huko mbele. Nikamwambia, baba, vidole hivi hata bangili vinaziona nzito. Akageuka akaenda zake. Nikadhani kasahau kitu nyumbani."

Mpelelezi alisimama.

"Kifurushi kikubwa?"

"Kama mkate. Kimefungwa vizuri, na gundi."

"Redio."

Redio alikuwa ameshaweka viatu chini na kukimbia. Aliporudi, hakuongeza maneno. Kamera ya foleni ilikuwa na mtu wa kofia, uso ameuelekeza sakafuni. Alisimama kwenye nguzo muda mrefu, anatazama malango ya ukaguzi. Aliwaona wazee wakipitishwa upande wa wanaume bila kuguswa. Ndipo akaingia foleni, akazungumza na bibi, akatoka kwa mlango wa mbele na kifurushi chake. Hakurudi. Inawezekana yalikuwa manukato tu. Inawezekana alikuwa anakwepa kutozwa uzito wa mzigo. Mpelelezi alijaribu kuyaamini hayo, akashindwa.

Watu wa kikosi walikuwa wameshafika, wamesimama nje ya chumba cha maboksi, mmoja ana pingu mkononi. Mpelelezi akafungua mlango, akamtanguliza bibi.

Sindano aliruka juu. "Mama! Kwa nini umekuja? Ungekaa kimya tu, ndege ingeondoka."

"Nikae kimya," bibi akasema, "halafu mtoto nimnyonyeshe mimi?"

Hapo ndipo Sindano alipolia, kilio kilichokuwa kimengoja tangu asubuhi. Bibi akaketi juu ya boksi la mikasi na kumweka kichwa mapajani, bila glavu wala pazia kati yao. Mwenye pingu akatazama dari.

"Ungeniambia saa ile nilipokuuliza," mpelelezi akasema, si kwa ukali, "hawa wangekuwa wanamtafuta mtu wa kofia. Sasa ameshafika anakokwenda."

"Ningemtaja mama wa mume wangu kwa watu wa ugaidi? Nirudi kulala nyumba ipi?"

"Najua."

"Unajua nini, Afande?"

"Na mimi nina mama mkwe. Lakini ulipovua glavu hukujua alichokibeba kiunoni. Ulidhani. Na aliyesimama kwenye nguzo aliwategemea wanaodhani kama wewe."

Mkuu wa kikosi, mtu mkimya kuliko walivyomtarajia, alisikiliza yote. Akachukua picha za mtu wa kofia, akamwacha binti. Mlangoni akamuuliza mpelelezi kama ana uhakika mkaguzi hakulipwa. Akajibiwa kwamba angelipwa, angefanya vizuri zaidi. Mkuu wa ulinzi naye akatoa hukumu yake ya haraka: Sindano asiguse tena lango mpaka atakapoitwa. Mpelelezi hakumbishia. Aliomba jambo moja tu, wakaguzi wote wa zamu wakusanywe chumba cha chai.

Walikuja, wa kiume na wa kike, wamesimama na vikombe mikononi.

"Nani kati yenu," mpelelezi aliuliza, "amewahi kumpitisha mtu bila kumgusa, kwa sababu ni mzee, au jirani, au mkubwa wake?"

Hakuna mkono. Mtu akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Kisha mkono mmoja, wa kijana wa mashine ya mizigo. Kisha wa pili. Mwishoni, ambao hawakuinua mkono walikuwa wachache, na hata hao hawakuinua macho.

"Basi yule hakuhitaji kumnunua mtu. Alisimama akaitazama adabu yetu, akaona njia. Kilichozuia kifurushi chake kupita leo ni vidole vya bibi kizee vinavyouma. Si mimi, si ninyi, si mashine." Alijifuta uso. "Mwenzenu ana maneno kabla hajaenda kunyonyesha."

Sindano alisimama mbele yao, blauzi imekauka na kuacha alama. Hakuwa mzoefu wa kusema. Aliyasema kama mtu anayemwagiza mtoto njia ya kwenda dukani, moja baada ya jingine:

Usimpitishe mtu kwa kuwa lango limelia na yeye ameonyesha bangili. Mwambie azivue, apite tena.

Usimwonee mzee haya. Mpekue taratibu, lakini mpekue.

Usimshikie mtu kifurushi, hata akikuita mama, hata akikuita mwanangu. Na ukiona mtu anashikishwa, piga kelele.

Usiazime kitu chenye makali upande wa ndani, hata kwa jirani.

Usibandike onyo mahali ambapo mtu ameshapita.

Ukikosea, usinyamaze. Muda unaotumia kumficha ndugu yako ndio muda ambao mbaya anaondoka.

Na akija mtu ambaye mkono wako haumwezi, mama mkwe, baba, mwalimu aliyekufundisha, usijikaze na usijifanye umemkagua. Mwite mwenzako. Mwambie, huyu ni wangu, njoo umkague wewe.